Sare Huvuliwa, Cheti Hubaki: Nguvu Kazi ya Makambini Unguja

Mfanyabiashara wa Darajani huipima kambi ya askari kwa magunia: mchele, unga, maharage na sukari. Mishahara ikitoka, duka hupumua. Lakini kambini mna kitu chengine chenye thamani ambacho ripoti za bei hazikitaji, nacho ni kijana mwenye nidhamu anayejua kazi ya mikono. Wiki hii tunatazama nini kinaipandisha thamani hiyo na nini kinaishusha.

Jeshi la Kujenga Uchumi, JKU, liliundwa mwaka 1977. Ni miongoni mwa Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, pamoja na KMKM, Chuo cha Mafunzo, Zimamoto na Valantia. Makao yake makuu yako Saateni, na Mtoni ipo skuli ya JKU yenye masomo ya ufundi. Kijana hujiunga kwa kujitolea, akapata mafunzo ya kijeshi, akalima, akafuga na kujifunza kazi kama uashi, useremala na umeme.

Mzazi wa Kwahani au Bumbwini anayemruhusu mwanawe kujiunga huwa na tumaini moja: ajira. Ni kweli kwamba matangazo ya kazi za ulinzi na usalama mara nyingi huwatanguliza waliopitia JKT au JKU. Hata hivyo, kutangulizwa si kuajiriwa. Nafasi ni chache kuliko wanaozitaka, na wengine hurejea mtaani. Hapo ndipo swali la soko linapoanza: amerudi na nini mkononi?

Hesabu ya fundi na kibarua

Tuchukue tarakimu za mfano tu. Kibarua alipwe shilingi 20,000 kwa siku, na fundi mwenye cheti alipwe 40,000. Kwa siku 24 za kazi, tofauti ni shilingi 480,000 kwa mwezi. Huenda wote wawili walijifunza kujenga ukuta ule ule, lakini mmoja ana karatasi ya kumwonesha mkandarasi, na mwengine ana maneno matupu.

Karatasi hiyo inapatikana hapa hapa Unguja. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Mwanakwerekwe na Mkokotoni. Mwenye masomo ya kutosha anaweza kuingia Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, Mbweni, au Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA. Kwa upande wa Bara, VETA huwapima hata mafundi waliojifunza kazini na kuwapa cheti. Kijana ambaye bado yuko kambini aulize mapema ni mtihani gani unaotambulika nje ya lango, asingojee siku ya kukabidhi sare.

Wanunuzi wa ujuzi wapo. Hoteli za Nungwi na Paje haziendi bila fundi bomba, fundi umeme na fundi wa viyoyozi. Mji Mkongwe, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, una nyumba za mawe na chokaa ambazo saruji peke yake haizitibu. Sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kila mwenye nyumba kongwe alikumbushwa thamani ya fundi anayeijua chokaa.

Baharini mambo ni hayo hayo. Askari wa KMKM hufunzwa kuendesha boti, kuzamia na kuokoa. Umuhimu wa ujuzi huo ulionekana Septemba 2011 ilipozama MV Spice Islander, na tena Julai 2012 ilipozama MV Skagit. Lakini anayestaafu akitaka kazi katika chombo cha abiria, mwenye chombo atamtaka cheti cha ubaharia. Masomo hayo hutolewa na Chuo cha Bahari, Dar es Salaam. Ni nafuu kuyapanga ukiwa bado kazini kuliko kuyalipia kwa kiinua mgongo.

Mke na watoto

JWTZ ni chombo cha Muungano, na askari wake huhamishwa. Mtoto anayehama kutoka Unguja kwenda Bara amekuwa akikutana na kikwazo: sera ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliweka elimu ya msingi kuwa miaka 6, wakati Bara ilibaki na 7. Sera mpya ya Bara, toleo la 2023, nayo inaelekea kwenye 6. Mzazi achukue matokeo na barua ya skuli kabla ya kupanda boti. Dar es Salaam zipo sekondari za majeshi, kama Makongo ya JWTZ na Jitegemee ya JKT.

Kwa mke wa askari, mtaji bora ni ule unaohamika. Cherehani, ujuzi wa mapishi au cheti cha ualimu wa chekechea huingia katika boti pamoja na begi. Kibanda na wateja wa mkopo hubaki nyuma.

Ushauri kwa msomaji

Mwenye duka jirani na kambi asikopeshe kwa kuamini sare. Aandike, maana uhamisho hauna hodi. Mkandarasi mdogo aulize waliomaliza JKU, awajaribu, kisha awasaidie kulipia mtihani. Gharama hiyo hurudi kwa kazi isiyobomolewa mara mbili. Na mwekezaji mwenye chumba cha ziada karibu na Saateni au Mtoni afikirie darasa la jioni la hesabu, kompyuta au Kiingereza, kwa kuwa wateja wako mlangoni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kijana wa kambini, ujuzi ndio mali, na cheti ndicho daftari.