Kodi ya Olympic na Sheria ya Shilingi 2,500

Katika steji ya Olympic, pale Kibera Drive, mtu anayetafuta nyumba hutembea dakika chache tu akawa ametoka kwenye utaratibu mmoja wa umiliki na kuingia mwingine. Kwenye mtaa uliopangwa kuna nyumba za mawe zenye geti, nyingi zikiwa zimeongezewa vyumba uani au kuinuliwa kuwa ghorofa za bedsita. Ukiteremka kuelekea Gatwekera au Kianda unakutana na ploti za mabati, vyumba vimepangana mstari mmoja na choo ni cha wote. Muuza chapati anauzia pande zote mbili. Shule ya Msingi ya Olympic, iliyofurika wanafunzi elimu ilipofanywa bila malipo mwaka 2003, inasomesha watoto wa huku na wa kule. Anayetofautiana ni mwenye nyumba.

Wapangaji wengi huuliza bei, maji, na kama stima ni ya tokeni. Ni maswali ya maana, ila kuna moja lingestahili kuyatangulia: huyu anayenikodishia ana karatasi gani mkononi?

Kibera ilianza kuwa makazi ya askari Wanubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20. Serikali ya kikoloni iliwaacha wakae bila kuwapa hati, na baada ya uhuru ardhi ikabaki kuwa ya serikali. Mitaa ya kupangwa kama Olympic, Ayany, Fort Jesus na Karanja ilimegwa kutoka kwenye eneo hilohilo. Sehemu iliyosalia iliendelea kujengwa kwa ruhusa ya chifu, na hata ukarabati wa chumba ulihitaji baraka zake. Kwa hiyo anayeitwa landilodi huko chini ni mwenye jengo tu, ardhi si yake. Wanubi wenyewe walisubiri hadi 2017 ndipo wakapewa hati ya pamoja ya ekari 288.

Hilo linamhusu mpangaji kuliko anavyodhani. Tarehe 23 Julai 2018 tingatinga zilibomoa nyumba, shule na makanisa ya Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakabaki nje. Mpangaji aliyekuwa amelipa kodi ya Julai angemdai nani siku zilizobaki, wakati mwenye jengo mwenyewe alikuwa amesimama juu ya vifusi vya mali isiyokuwa na hati?

Halafu kuna swali la nani anaamua ugomvi unapozuka. Mwishoni mwa 2001, Rais Daniel arap Moi na Raila Odinga, wakati huo mbunge wa Lang'ata, walisema hadharani kwamba kodi za Kibera zilikuwa za juu mno. Wapangaji wakadai zipunguzwe, wenye majumba wakakataa, na kwa kuwa wengi wa wenye majumba walikuwa Wanubi na wapangaji wengi walikuwa Waluo, mzozo wa fedha ukageuka haraka kuwa wa kikabila. Zaidi ya watu kumi walikufa, na maelfu wakahama. Miaka sita baadaye, katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, baadhi ya wenye majumba walifukuzwa kutoka kwenye ploti zao na wapangaji wakakaa bila kulipa. Kawangware nako, ambako ardhi nyingi ni ya watu binafsi, fujo za Oktoba 2017 ziliteketeza nyumba na vibanda. Hati peke yake, basi, haimkingi mtu na siasa.

Siku za kawaida, ukabila hufanya kazi kimyakimya zaidi, nao umepimwa. Wanauchumi Benjamin Marx, Thomas Stoker na Tavneet Suri walichunguza soko la vyumba vya Kibera, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Chifu huteuliwa na serikali, hachaguliwi na wakazi, kwa hiyo kabila lake halitokani na mapenzi ya wapangaji wala ya wenye majumba. Watafiti hao waligundua kwamba mwenye jengo akiwa kabila moja na chifu, kodi huwa juu kwa kati ya asilimia 6 na 11. Mpangaji akiwa ndiye wa kabila la chifu, kodi huwa chini. Kwa chumba cha shilingi 3,000, nyongeza hiyo ya asilimia 6 hadi 11 ni shilingi 180 hadi 330 kila mwezi, kwa mabati yaleyale na foleni ileile ya mitungi ya maji. Hakuna haja ya kumwona kila chifu kuwa mla rushwa ili kuelewa matokeo haya. Inatosha kwamba pande mbili zinazobishana zinajua malalamiko yataishia ofisini kwa nani, na kila upande unapiga hesabu yake mapema.

Je, sheria haipo? Ipo, na ni ya zamani. Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba, Sura ya 296, inamkinga mpangaji vizuri sana: kodi haipandishwi kiholela, mwenye nyumba hamfukuzi mtu bila idhini ya baraza maalumu, na kumsumbua mpangaji ili ahame ni kosa la jinai. Wale wasimamizi wa ploti wanaong'oa mlango au kuezua bati la mdaiwa wangepaswa kuisoma. Lakini sheria hiyo inahusu nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kwa nyumba zilizokuwa zimekodishwa tarehe 1 Januari 1981, kodi ya msingi ni ile iliyokuwa ikilipwa siku hiyo. Bei zimekwenda mbali tangu wakati huo. Kiwango kimebaki palepale.

Hapo ndipo mambo yanapopinduka. Vyumba vya mabati vya Gatwekera, ambavyo vingi bado viko karibu na kiwango hicho au chini yake, ndivyo sheria inavyovilenga. Hata hivyo mkazi wa Gatwekera huenda kwa chifu au kwa mzee wa kijiji, kwa sababu ni karibu na hakuna fomu za kujaza. Mpangaji wa bedsita ya Olympic, mwenye kazi, simu na pengine shahada, angeweza kufika mbele ya baraza bila shida, ila kodi yake imepita kiwango. Anayehitaji ngao haifikii, na anayeweza kuifikia haimhusu. Muswada wa 2021 ulikusudia kuunganisha sheria za wenye nyumba na wapangaji, lakini wapangaji wa Nairobi hawalipi kodi kwa miswada.

Kwa hiyo mtu wa Olympic anategemea mkataba wake na Sheria ya Ardhi ya 2012. Sheria hiyo inasema kwamba palipo na upangaji wa vipindi, notisi isipungue kipindi kimoja cha kodi, na imalizike siku ambayo kodi inadaiwa. Kwa anayelipa kila mwezi, notisi ni mwezi mmoja angalau. Ujumbe wa "hama kufikia Ijumaa" si notisi. Kufuli juu ya mlango wa mdaiwa pia si njia ya kisheria ya kukamata mali: kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni.

Mengine ni ya kiutendaji. Amana ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi siku ya kuhama, kwa sababu hakuna aliyeandika ukuta ulikuwaje siku ya kuingia. Picha za simu zilizopigwa siku hiyo, na kutumwa kwa mwenye nyumba papo hapo, zinamaliza nusu ya ubishi. Jina linalotokea kwenye M-Pesa lilinganishwe na jina lililo kwenye mkataba. Likiwa tofauti, mwenye nyumba aulizwe kwa nini kabla ya fedha kutumwa. Baadhi ya wenye nyumba hawapendi risiti, na sababu haiko mbali: tangu Januari 2024, anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 za kodi kwa mwaka anatakiwa kuilipa serikali asilimia 7.5 ya mapato hayo. Bedsita tatu za shilingi 8,000 zinamfikisha hapo. Hilo ni lake na mamlaka ya ushuru. Mpangaji atunze ujumbe wa kila malipo.

Na anayekuonyesha nyumba akidai ada kabla hujamwona mwenye nyumba wala kushika ufunguo, mwache aende zake. Bunge nalo lipandishe kile kiwango cha shilingi 2,500, au lieleze kwa nini linataka sheria iendelee kuhesabu kodi kwa bei za 1981.