Askari wa Jumuiya barabarani, ushuru kwa nani?

Anayepeleka mzigo Goma kutoka Uganda anaijua njia hii: Kisoro, Bunagana, Rutshuru, Kibumba, kisha mjini. M23 waliitwaa Bunagana Juni 13, 2022, na njia ikavurugika. Novemba mwaka huo askari wa Kenya wakatua Goma chini ya Kikosi cha Kikanda cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Desemba wakakabidhiwa Kibumba, Januari kambi ya Rumangabo. Waganda waliingia Bunagana mwishoni mwa Machi 2023.

Kwa dereva wa lori, swali halikuwa la kisiasa. Alitaka kujua atasimamishwa mara ngapi na kila kituo kitamgharimu kiasi gani. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, vya jeshi la serikali, vya waasi na hata vya watumishi wa umma. Vingi vilikuwa vya kutoza pesa. Usalama ulikuwa kisingizio.

Kizuizi cha mlinda amani ni kitu kingine, angalau kwa karatasi. Askari hutafuta silaha na wapiganaji. Hukagua vitambulisho, huchungulia chini ya turubai, huuliza mzigo unakwenda wapi. Hana mamlaka ya kutoza ushuru wala kugonga muhuri wa forodha. Na akiuliza kwa Kiswahili, utingo hajibu kwa ishara. Hilo si dogo, kwani maneno yasiyoeleweka mbele ya bunduki yana hatari yake.

Lakini mlinda amani asiyetoza hamzuii anayetoza. Bunagana ilihesabiwa kuwa mikononi mwa Waganda, huku M23 wakiendelea kukusanya ushuru mpakani. Mfanyabiashara aliyelipa huko hakuwa na risiti ya kuionyesha serikali, naye afisa wa serikali upande wa pili alidai chake. Gunia lilelile la unga lililipiwa mara mbili, na mlaji wa Goma akaongezewa bei.

Kinshasa, iliyotaka kikosi kipigane na si kusimama kati, ilikataa kuongeza muda. Wakenya walianza kuondoka Desemba 2023, nafasi ikachukuliwa na askari wa SADC. Januari 2025 M23 wakaingia Goma, na njia nzima kutoka Bunagana ikawa chini yao, pamoja na vizuizi vyake.