Ubongo wa mtoto wa chekechea haukuzwi kwa penseli pekee

WAZAZI wengi nchini hupima ubora wa shule ya chekechea kwa kufungua daftari. Mtoto wa miaka minne akirejea nyumbani na kurasa mbili za herufi zilizosahihishwa kwa kalamu nyekundu, karo huonekana kuwa imetumika vyema. Akirejea na udongo kwenye kucha na kisa kirefu kuhusu duka walilofungua chini ya mti, baadhi yao huanza kuulizia shule nyingine.

Hofu hiyo ina chanzo chake. Kwa miaka mingi, hasa mijini, shule za msingi zilizosifika ziliwatahini watoto wa miaka mitano na sita kabla ya kuwapokea katika darasa la kwanza, na chekechea zikageuka kambi za kuuandalia mtihani huo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ilizikataza shule za umma kumpa mtoto mtihani kama sharti la kumsajili, isipokuwa kwa nia ya kumweka katika kiwango kinachomfaa. Nao mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, uliwatengea watoto wa miaka minne na mitano madarasa ya PP1 na PP2, ambamo mafunzo yanatakiwa kupitia michezo, nyimbo, hadithi na kazi za mikono. Hata hivyo, sheria hubadilika upesi kuliko mazoea ya wazazi na walimu, na daftari lingali ndilo linalotazamwa kwanza.

Ili kuelewa kinachopotea mchezo unapofukuzwa darasani, yafaa kutazama jinsi ubongo unavyojijenga.

Mtoto huzaliwa akiwa na takriban seli zote za neva atakazozihitaji maishani, lakini ubongo wake huwa na uzani wa karibu robo tu ya ule wa mtu mzima. Kufikia umri wa miaka sita, huwa umetimiza takriban asilimia 90 ya ukubwa wake wa mwisho. Kinachoongezeka kwa wingi katika kipindi hicho ni miunganisho baina ya seli hizo, yaani sinapsi, pamoja na utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva kama plastiki inavyofunika waya wa umeme, na kuuwezesha ujumbe kusafiri kwa kasi.

Daktari Peter Huttenlocher wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, alizihesabu sinapsi kwa hadubini katika bongo za watu waliofariki wakiwa na umri tofauti. Mwaka wa 1979 alichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: mtoto mdogo ana sinapsi nyingi kuliko mtu mzima. Nyingi hupogolewa baadaye, mithili ya mkulima wa kahawa anayekata vitawi ili mti uzae. Miunganisho inayotumiwa mara kwa mara huimarika, ilhali isiyotumiwa hunyauka na kutoweka.

Kazi hiyo haiendi kwa mwendo mmoja. Sehemu za kuona na kusikia hukomaa mapema, nayo sehemu ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20. Sehemu hiyo ya mbele ndiyo humwezesha mtu kujizuia, kupanga jambo, kukumbuka agizo alilopewa na kubadilisha njia pale ya kwanza inapokwama. Miaka ya chekechea ni kipindi ambacho uwezo huo hupiga hatua kubwa, na mwalimu yeyote wa chekechea atashuhudia: mtoto wa miaka mitatu hunyakua, wa miaka mitano huweza kungoja zamu yake.

Ujenzi huu unahitaji chakula kingi. Utafiti ulioongozwa na Christopher Kuzawa wa Chuo Kikuu cha Northwestern, uliotolewa mwaka wa 2014, ulionyesha kuwa katika umri wa takriban miaka mitano ubongo hutumia zaidi ya asilimia 40 ya nishati yote ya mwili, kiwango ambacho hautakifikia tena maishani. Kwa hiyo bakuli la uji la saa nne asubuhi ni sehemu ya somo. Takwimu za afya za kitaifa za mwaka wa 2022 zilionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Hiyo ni nafuu kubwa ikilinganishwa na asilimia 26 ya mwaka wa 2014, lakini bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watano.

Ni katika mjadala huu ambapo neno 'ubongo mzima' limezuka, na ambapo biashara nayo imejipenyeza. Wazazi huuziwa vitabu, kanda na vifaa vinavyodaiwa kuamsha nusu ya kulia ya ubongo, inayosemekana kuwa ya sanaa na ubunifu, kwa kuwa shule, wanaambiwa, hushughulikia nusu ya kushoto tu, ile ya lugha na hesabu. Wengine huambiwa mtoto wao ni 'wa kulia' au 'wa kushoto', na kwamba afunzwe kulingana na upande wake.

Madai hayo yamechipuka kutoka kwa sayansi ya kweli iliyotiwa chumvi. Mwaka wa 1861, daktari Mfaransa Paul Broca alionyesha kuwa uwezo wa kutamka hutegemea sehemu fulani ya nusu ya kushoto. Karne moja baadaye, Roger Sperry aliwachunguza wagonjwa wa kifafa ambao daraja la neva linalounganisha nusu mbili za ubongo lilikuwa limekatwa ili kuwapunguzia maradhi, akagundua kuwa kila nusu ina ustadi wake. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 1981.

Lakini wagonjwa wa Sperry walikuwa wamekatwa daraja. Mtoto mwenye afya analo, lenye nyuzi zipatazo milioni 200, na ujumbe huvuka huku na huko bila kukoma. Mwaka wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichunguza picha za bongo za watu zaidi ya 1,000 wenye umri wa kati ya miaka 7 na 29. Walithibitisha kwamba kazi fulani huegemea upande mmoja, lakini hawakumpata mtu anayeweza kuitwa wa kulia au wa kushoto. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) nalo lilikwisha kuiweka dhana hiyo miongoni mwa imani potofu kuhusu ubongo katika ripoti yake ya mwaka wa 2007.

Hali ni hiyo hiyo kwa kanda za muziki wa Mozart zinazodaiwa kumwongezea mtoto akili. Utafiti ulioanzisha uvumi huo, wa mwaka wa 1993, ulifanyiwa wanafunzi wa chuo kikuu, na manufaa yake yalidumu kwa dakika zipatazo 15. Hayo hayakumzuia gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani kuomba pesa za umma mwaka wa 1998 ili kila mtoto aliyezaliwa jimboni apewe kanda.

Ikiwa basi hakuna nusu iliyolala inayongoja kuamshwa, kuukuza ubongo mzima kuna maana gani? Maana yake ni kumpa mtoto shughuli inayozitumia sehemu nyingi kwa wakati mmoja, ili zizoee kufanya kazi pamoja. Shughuli za aina hiyo hazihitaji kununuliwa.

Chukua watoto wanaocheza kalongolongo, wakafungua duka la vizibo vya soda na majani. Mwenye duka lazima akumbuke kuwa yeye ni muuzaji, hata kama angependa kuwa mnunuzi. Hapo sehemu ya mbele inajifunza kujizuia. Jani limekuwa noti ya shilingi 50, hivyo mtoto anafahamu kwamba kitu kimoja chaweza kusimamia kingine, na huo ndio msingi wa kusoma, kwani herufi nayo ni mchoro unaosimamia sauti. Vizibo vinahesabiwa kwa vidole na macho kabla ya tarakimu kuandikwa. Mteja analalamika kuwa bei ni ghali, na sauti yake inapanda. Kutambua hasira katika mwinuko wa sauti ni kazi inayotegemea sana nusu ya kulia, huku maneno yenyewe yakichambuliwa zaidi na ya kushoto. Yote hayo hutokea kwa dakika kumi, na mwalimu hajashika chaki.

Kitendawili hufanya vivyo hivyo. Mtoto anayeambiwa kuwa kuna nyumba isiyo na mlango lazima aiache nyumba anayoijua, atafute kitu kingine chenye umbo la kufungika, akilifikia yai awe amesafiri mbali. Bibi aliyetega vitendawili jioni hakuhitaji kusikia habari za sinapsi.

Nyimbo za kupiga makofi, kuruka kamba, kufinyanga udongo na kuchambua maharagwe huunganisha jicho, sikio na mkono. Misuli ya vidole na kifundo cha mkono hukomaa polepole. Mtoto anayelazimishwa kuumba herufi mapema mno huikamata penseli kwa ngumi, huchoka haraka na kuanza kuamini kuwa kuandika ni adhabu.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Katika miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu mjini Mombasa waliuomba mtandao wa Aga Khan usaidizi, kwa kuwa watoto wao walikuwa wakibaki nyuma katika shule za msingi. Mwalimu Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mpango uliounganisha mafunzo ya dini na elimu ya chekechea chini ya paa moja, huku jamii yenyewe ikimiliki na kuendesha shule. Vyumba viligawanywa kwa pembe za kuchezea, na vifaa vikatokana na vitu vilivyopatikana mtaani: vifuu vya nazi, mbegu, mchanga, masanduku. Watoto walichagua shughuli, wakaitenda, kisha wakaeleza walichokifanya. Mpango huo baadaye ulienea hadi Zanzibar na Uganda.

Watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg waliwafuatilia watoto katika nchi hizo tatu na kuchapisha matokeo mwaka wa 2008. Waliosoma chekechea ya aina yoyote waliwashinda waliobaki nyumbani kwa maendeleo ya akili. Lakini walio katika shule za mpango wa madrasa walipiga hatua kubwa kuliko wenzao wa chekechea za kawaida.

Nyumbani pia kuna nafasi. Nchini Jamaika, kuanzia mwaka wa 1986, Profesa Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa jijini Kingston. Baadhi walipewa maziwa ya unga, baadhi walitembelewa kila wiki na mhudumu wa afya aliyemwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vifaa vya kujitengenezea, wengine wakapata vyote viwili. Ziara ziliendelea kwa miaka miwili pekee. Miaka 20 baadaye, waliofikiwa na michezo hiyo walikuwa wakipata mapato yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 25. Magharibi mwa Kenya, mpango wa Msingi Bora ulifuata mkondo huo katika vijiji 60 kwa kuwakutanisha wazazi katika vikundi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2021 yalionyesha watoto wakipiga hatua katika fikra na lugha.

Kinyume cha haya yote ni hofu. Mtoto anayetishwa hutoa kwa wingi homoni ya kortisoli, na hali hiyo ikidumu huathiri sehemu za ubongo zinazohifadhi kumbukumbu na zile za kujidhibiti, yaani zile zile anazozihitaji ili ajifunze. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001. Kofi na kebehi kwa aliyekosea kuandika '5' havina nafasi bora kuliko kiboko.

Mwalimu naye hawezi kulaumiwa peke yake. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikabidhi kaunti elimu ya chekechea, na tangu mwaka wa 2013 madarasa mengi yamejengwa, lakini walimu wengi wameajiriwa kwa kandarasi fupi na ujira mdogo. Aliye na watoto 50 na ubao mmoja ataimbisha alfabeti kwa pamoja, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya kuwatuliza wote. Pembe za kuchezea zinahitaji msaidizi na nafasi, na hilo ni suala la bajeti ya kaunti kabla ya kuwa suala la mbinu.

Mzazi anayezuru shule kabla ya kumsajili mwanawe anaweza kuyaacha madaftari mezani kwanza na kusikiliza iwapo watoto wanauliza maswali au wanaitikia tu. Atazame kama vifaa vimewekwa mahali mikono midogo inapofika au vimefungiwa kabatini visije vikachafuka, na kama mwalimu huinama kuzungumza na mtoto. Kisha aulize watoto hula nini, na saa ngapi.