Kwa Nini Maji ya Dodoma Yana Chumvi, na Bahari Iko Mbali?

Wanachama wengi siku hizi wana watoto au jamaa Dodoma, wengine kwa kazi za Serikali, wengine wakisoma Chuo Kikuu. Wakija likizo husimulia mambo mawili: joto la mchana ambalo mtu halioni jasho lake, na maji ya visima ambayo sabuni haitoi povu upesi ndani yake, na birika hufanya ukoko mweupe. Hapo huulizwa: chumvi hiyo imetoka wapi, na kutoka huko hadi baharini ni zaidi ya kilomita 300?

Kulijibu swali hili yatupasa kuyajua maji yenyewe. Kila chembe ya maji ni oksijeni moja iliyoshikana na hidrojeni mbili, nazo hazikukaa katika mstari, bali zimepinda mfano wa panda ya manati: oksijeni pale penye panda, hidrojeni katika ncha mbili. Upande wa oksijeni una umeme wa namna moja, na upande wa hidrojeni umeme wa namna nyingine. Kwa hivyo kila chembe ni kama sumaku ndogo. Chembe hushikana zenyewe kwa zenyewe, na hushika chumvi, chokaa na magadi, zikavibandua kidogo kidogo na kwenda navyo. Mafuta hayana umeme wa namna hiyo, ndiyo maana hayachanganyiki na maji. Aliyeona mafuta ya karafuu yakitolewa kwa mvuke kiwandani Wawi, kule Pemba, anajua kwamba hujitenga, tena huzama chini, kwa kuwa ni mazito kuliko maji.

Tabia hii ya kuyeyusha ndiyo inayolisha kila chenye uhai. Mkarafuu hauwezi kula mbolea kavu iliyolala juu ya udongo. Lazima kwanza maji yaiyeyushe, ndipo mizizi iinywe. Na chembe zinavyoshikana, jani likipoteza maji juani huvuta yaliyo nyuma yake, na hayo huvuta mengine, mpaka chini mizizini. Mti hauna pampu. Nasi damu yetu ni maji yaliyobeba chakula na chumvi, na jasho likikauka huondoka na joto la mwili. Dodoma hewa ni kavu, hulinywa jasho kabla halijaonekana, na mgeni hudhani hatoki jasho. Asipokunywa maji ataugua.

Sasa turudi kwenye chumvi. Dodoma hupata mvua kwa msimu mmoja, tangu Desemba mpaka Aprili, jumla yake kiasi cha milimita 570 kwa mwaka. Pemba hupata kama 1,900. Tena jua na upepo wa Dodoma vyaweza kuchukua maji zaidi ya mara tatu ya hayo yanyeshayo. Maji yakipanda hewani hupanda peke yake. Alichokibeba hukiacha chini. Kwetu mvua nyingi huusafisha udongo na kuvipeleka baharini vilivyoyeyuka. Huko bara la kati sivyo. Mto Bubu, kwa mfano, hauendi baharini kabisa: huishia katika bwawa la Bahi, magharibi ya Dodoma, na hapo maji hukauka mwaka baada ya mwaka. Wagogo tangu zamani wamepata chumvi katika udongo wa namna hiyo, kwa kuutia maji, kuyachuja na kuyachemsha. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo haikutoka baharini. Imetoka katika mawe ya vilima vyao, yanayoliwa na maji polepole mno.

Ndivyo yalivyo na maji ya visimani. Visima virefu vya Makutupora, kaskazini ya mji, vimeulisha mji wa Dodoma kwa miaka mingi, na maji yake ni magumu, yaani yamebeba chokaa. Ugumu huo hula sabuni na kuchelewesha maharage kuiva. (Na ukiwa mita 1,100 juu ya bahari maji huchemka kwenye digrii 96 tu, hilo nalo huchelewesha.) Lakini hayo ni usumbufu, si ugonjwa.

Linalohitaji hadhari ni madini ya floridi, yaliyo mengi katika baadhi ya visima vya Singida na sehemu nyingine za bara la kati. Kidogo chake hulinda meno. Kikizidi, meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia, na kikizidi sana kwa miaka mingi hupindisha mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita. Hayaonekani wala hayana ladha, na kuchemsha hakuyaondoi. Huyazidisha, kwa kuwa maji hupungua nayo hubaki. Mkaa wa mifupa huyanasa, na maji ya mvua hayana.

Kwetu visiwani adui ni mwingine. Maji matamu ya chini hukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Mafundi huhesabu kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia kiasi cha mita 40 chini yake. Basi ukivuta kisima kwa pampu mpaka kishuke mita moja na kibaki hivyo, chumvi yaweza kupanda mara 40 ya hapo. Miche ya mikarafuu ikinyweshwa maji hayo, chumvi huyazuia maji yasiingie mizizini. Kingo za majani huungua na mche hukauka hali udongo umelowa.

Anayeshuku kisima chake aweke kikombe cha maji yake katika sahani nyeupe, na kikombe cha maji ya mvua katika sahani nyingine, azianike juani mpaka zikauke, kisha alinganishe kilichobaki. Kikiwa kingi, miche na inyweshwe maji ya mvua kwanza, na chupa safi, iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yale yale ya kisima, ijazwe na kupelekwa maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.