Sura ya Saba: Biashara Hubadilika, Mlipakodi ni Yule Yule

Imani inayowagharimu zaidi wafanyabiashara wadogo wa Usambara ni kwamba biashara ikifa, hesabu zake na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hufa nayo. Mtu anaacha kabichi, anafungua duka, na moyoni anaamini deni la kabichi limezikwa shambani. Wengine huamini kinyume chake, na hasara yao ni kubwa vilevile: wanadhani kodi waliyokatwa katika biashara ya kwanza imepotea, na sasa wanaanza kulipa upya. Wote wamekosea kwa sababu moja. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 humtoza mtu kwa mwaka wa mapato, na ndani ya mwaka huo anaweza kuwa amefanya biashara moja au nne.

Mgwashi, kata ya Halmashauri ya Bumbuli wilayani Lushoto, ni mahali ambapo jambo hili lina uzito. Katika milima hii mtu hakai na kazi moja kwa sababu bei haikai. Msimu huu analima karoti na hoho. Kabichi zikijaa sokoni na bei ikaanguka, anageuka kuwa mnunuzi, anakusanya mzigo wa majirani na kuupakia kwenye Fuso linaloteremka Soni hadi Mombo na kuendelea Dar es Salaam. Mwaka unaofuata amefungua duka la pembejeo. Huo ni uamuzi wa mtu mwenye akili. Tatizo huanza kwenye makaratasi.

La kwanza ni namba ya mlipakodi, yaani TIN. Mtu mmoja ana TIN moja, na hutolewa bure. Anayebadili biashara hahitaji nyingine. Anatakiwa kuijulisha TRA kwamba shughuli imebadilika, ili taarifa zilizo chini ya namba ile ile zirekebishwe. Leseni ndiyo hubadilika, kwa kuwa hutolewa kwa aina ya biashara na mahali inapofanyikia. Hata hivyo wapo vishoka wanaowatoza watu fedha kwa ahadi ya “TIN mpya isiyo na deni”. Ni wizi, na anayenunua ahadi hiyo hubaki na madeni yake yote. Na wapo wanaochimbia zindiko kizingitini mwa duka ili ofisa wa kodi asione mlango. Ofisa hauhitaji mlango huo. Kumbukumbu za leseni, za risiti na za malipo yaliyopita benki zinasomeka ofisini, na hakuna hirizi iliyowahi kufuta mstari mmoja wa kumbukumbu hizo. Fedha aliyopewa mganga ingetosha kununua daftari na kalamu za miaka kumi, na daftari, kama itakavyoonekana, hupunguza kodi kweli.

Upotoshaji wa mjini nao upo. Walimu wa semina za ujasiriamali wanawaambia vijana wasajili kampuni ili “wasilipe kodi kama machinga”. Ushauri huo una madhara. Kampuni haimo kabisa katika mfumo rahisi wa kodi ya makadirio, ambao ni wa mtu binafsi peke yake. Hutozwa asilimia 30 ya faida, hutakiwa kuwa na hesabu zilizokaguliwa, na hupaswa kuwasilisha ritani hata katika mwaka ambao haikuuza kitu. Kijana wa Mgwashi mwenye kibanda cha mbolea anayefuata ushauri huo anajitwisha mzigo wa ukaguzi kwa biashara ambayo ingemalizika kwa malipo manne madogo kwa mwaka.

Sasa mfano. Tuseme mama mmoja wa Mgwashi amenunua na kuuza kabichi kuanzia Januari hadi Juni, mauzo yakafika shilingi milioni 5. Julai akaacha, akafungua duka la pembejeo, na hadi Desemba ameuza kwa milioni 4.5. Viwango vya makadirio vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019 vinasema mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kitu. Yakiwa kati ya milioni 4 na 7, asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Mwenye nazo hulipa 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7.

Mama huyu ataambiwa na jirani kwamba kila biashara ina milioni 4 zake za bure, hivyo anadaiwa 30,000 ya kabichi na 15,000 ya duka. Sivyo. Mwaka ni mmoja na mtu ni mmoja. Mauzo yake ni milioni 9.5. Bila daftari atalipa 250,000. Akiwa na daftari, ni 90,000 jumlisha asilimia 3 ya milioni 2.5, ambayo ni 75,000: jumla 165,000. Kumbukumbu zimemwokolea 85,000, na malipo yake yanagawanywa katika awamu nne zinazoishia Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Na zile kodi alizokwishakatwa? Tuseme mwezi Aprili aliuzia shule ya serikali kabichi za shilingi 1,200,000. Taasisi ya serikali inaponunua bidhaa hukata asilimia 2 kama kodi ya zuio, kwa hiyo alipokea pungufu ya 24,000. Wengi huichukulia fedha hiyo kama ada ya kupata zabuni na kuisahau. Ni kodi yake mwenyewe, imelipwa mapema kwa jina lake, na hoja ya kwamba aliikatwa akiwa muuza kabichi haina maana yoyote mwezi Desemba akiwa na duka. Anapopigiwa hesabu ya mwaka huo, 24,000 huhesabiwa kuwa zimekwishalipwa. Sharti ni cheti cha kodi ya zuio chenye TIN yake iliyoandikwa sawasawa. Wazabuni wadogo wanaosita kudai cheti kwa kuogopa kumuudhi mhasibu wa shule wanatupa fedha zao wenyewe.

Ushuru wa mazao ni kitu kingine, na mkanganyiko wake una historia. Hadi 2003 watu wazima wa vijijini walilipa kodi ya maendeleo, maarufu kama kodi ya kichwa, kwa halmashauri. Mtu aliyekuwa na stakabadhi hiyo mfukoni alikuwa amemaliza. Mazoea hayo yamebaki, na leo mtu anaonyesha risiti za ushuru za getini akiamini zinafuta kodi ya mapato. Haziifuti. Ushuru huo ni wa halmashauri, kisheria anayeubeba ni mnunuzi wa mazao, na tangu 2017 mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine umesamehewa. Hata hivyo risiti hizo zitunzwe, kwa kuwa ni ushahidi wa gharama.

Gharama zina faida kwa yule aliyejitoa katika makadirio, na hiki ndicho kipengele ambacho wafanyabiashara wengi hawajawahi kuambiwa. Makadirio hutozwa kwenye mauzo, hata kama biashara imepata hasara. Lakini sheria inampa mtu binafsi hiari ya kuukataa mfumo huo, aandae hesabu, awasilishe ritani ifikapo Juni 30 ya mwaka unaofuata, na atozwe kwa viwango vya kawaida vya mtu binafsi. Katika viwango hivyo, shilingi 3,240,000 za kwanza za faida ya mwaka hazina kodi. Mama yetu aliuza kwa milioni 9.5; ikiwa ununuzi, magunia na nauli ya lori vilikula milioni 7.9, faida ni milioni 1.6. Kodi yake ni sifuri, na zile 24,000 zinakuwa malipo ya ziada anayoweza kuyaombea marejesho. Ugumu upo kwenye ushahidi: gharama isiyo na risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi (EFD) mara nyingi hukataliwa, na mkulima wa bondeni hana mashine hiyo. Ndiyo maana mwenye duka, anayenunua kwa msambazaji anayetoa risiti, hunufaika na hiari hii kuliko mnunuzi wa kabichi.

Aliyejitoa hupata pia haki ya kubeba hasara hadi miaka inayofuata, isipokuwa kwamba hasara ya kilimo hupunguza mapato ya kilimo peke yake. Mtu aliyelima karoti zikaozea shambani hawezi kuitumia hasara hiyo dukani. Itamngoja hadi atakapolima tena.

Wenye ndugu Uingereza huuliza kama marejesho haya ya kodi ndiyo yale malipo ya serikali ya huko waliyokuwa wakiyasikia. Hapana. Uingereza, kuanzia 2003 hadi Aprili 5, 2025, serikali iliwaongezea fedha wafanyakazi wa kipato cha chini, waliojiajiri wakiwemo, kupitia ofisi ya kodi. Tanzania haina mpango wa namna hiyo. Kinachodaiwa hapa ni fedha ambayo mlipakodi aliitoa mwenyewe.

Anayefunga biashara aandike barua TRA siku anapofunga, akabaki na nakala iliyogongwa muhuri. Duka lililofungwa kimya huendelea kukadiriwa, na makadirio yasiyolipwa huzaa riba. Akiletewa makadirio asiyokubaliana nayo, ana siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi, akilipa kwanza theluthi moja ya kodi au kiasi kisichobishaniwa, kile kilicho kikubwa. Asiyekuwa na uwezo huo anaweza kumwomba Kamishna ampunguzie au amwondolee malipo hayo, akieleza sababu.