Mkusanyo wa Franco haupimwi kwa wingi wa nyimbo

Mpenzi wa rumba jijini Kigali anayetaka mkusanyo mmoja tu wa Franco ana kazi ngumu: gwiji huyo wa Kongo, aliyefariki mwaka 1989, aliacha mamia ya nyimbo.

Wingi usikuhadae. Nyimbo nyingi za miaka ya 1970 zilijaza pande zote mbili za santuri ndogo, na sebene, sehemu ya magitaa na dansi, mara nyingi iliangukia upande wa pili. Mkusanyo unaoikata ili kuongeza nyimbo huuza nusu ya wimbo.

Tazama pia mpangilio. Francophonic, iliyotolewa na Sterns kwa sehemu mbili mwaka 2008 na 2009, hufuata miaka tangu 1953. Msikilizaji husikia gitaa likikomaa.