Mto Ukifurika Siku ya Kusafishwa Damu

Aprili 2024 haitasahaulika nyumbani kwetu. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha siku kadhaa mfululizo, na usiku wa kuamkia Ijumaa mto unaotutenga na barabara kuu ulifurika ukafunika daraja. Majirani walihangaika kuhamisha mbuzi na magodoro. Sisi tulikuwa na hangaiko lingine. Ijumaa ilikuwa siku ya Mama kwenda kusafishwa damu.

Mama huyu ndiye aliyemzaa baba wa watoto wetu. Figo zake zilishindwa kazi baada ya miaka mingi ya shinikizo la damu, akaja kukaa nasi ili awe karibu na hospitali. Kila Jumanne na kila Ijumaa alilazwa kwenye mashine kwa muda wa saa nne.

"Usijali, Mama," tulimwambia asubuhi ile. "Maji yakipungua tutaenda kesho."

"Haya, wanangu. Mungu yupo," akajibu.

Maji hayakupungua. Jumamosi, kwa kumhurumia, tulimpikia vyakula alivyovipenda: maharagwe yaliyoungwa kwa nyanya na viazi vya kuchemsha. Jirani mwema akaleta ndizi mbivu. Mama alipolalamika kiu tulimpa chai ya maziwa, kikombe baada ya kikombe.

Jumapili alasiri miguu yake ilikuwa imevimba, mikono haina nguvu, wala hakuweza kulala chali kwa kukosa pumzi. Vijana wa jirani walimbeba kwenye kiti, wakipokezana matopeni kwa zaidi ya saa nzima, mpaka daraja la juu lililokuwa bado linapitika. Huko tulipata gari, tukafika hospitali ambayo hakuna aliyemjua. Daktari alituuliza uzito wake wa kawaida baada ya kusafishwa, dawa anazotumia, na majibu ya vipimo vyake vya homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Hatukuwa na jibu hata moja. Ilibidi apimwe upya kabla ya kuwekwa kwenye mashine, na kila dakika ya kungoja ilikuwa kama mwaka.

Mama alipona. Lakini daktari alituambia neno lililotuchoma: mafuriko yalikuwa yamemzuia njiani, ila kilichomfikisha karibu na kaburi ni sahani na vikombe tulivyompa kwa mapenzi.

Kwa nini siku moja ina uzito

Figo nzima huondoa maji, chumvi na takataka za mwili usiku na mchana. Zikishindwa, vyote hivyo hubaki mwilini mpaka siku ya mashine. Maji yakizidi huingia mapafuni. Madini yaitwayo potasiamu yakizidi katika damu, mapigo ya moyo huvurugika, na moyo waweza kusimama ghafula bila onyo kubwa.

Katika nchi nyingi mgonjwa husafishwa damu mara tatu kwa juma. Hapa kwetu wengi huenda mara mbili. Fanyeni hesabu nasi: mtu wa Jumanne na Ijumaa akikosa Ijumaa, hukaa siku saba bila kusafishwa. Hana akiba ya siku za kupoteza.

Na si njia peke yake inayoweza kukatika. Mashine hutumia takriban lita 120 za maji yaliyosafishwa kwa mgonjwa mmoja kila anapolazwa, nayo haifanyi kazi bila umeme. Jioni ya 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu Kenya nzima kwa saa nyingi. Usiku kama huo, mgonjwa hutegemea jenereta na tangi la hospitali.

Waliotangulia kupata funzo

Kimbunga Katrina kilipopiga New Orleans, Marekani, mwezi Agosti 2005, vituo vingi vya kusafisha damu vilifungwa. Watafiti walipowahoji baadaye wagonjwa wa vituo vya mji huo, 44 katika kila 100 walisema walikosa angalau siku moja ya matibabu. Waliokosa mara tatu au zaidi ndio waliolazwa hospitalini kwa wingi zaidi.

Funzo hilo halikupotea. Mwezi Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipokuwa kinakaribia New York na New Jersey, vituo viliwaita wagonjwa wasafishwe damu kabla ya siku zao. Zaidi ya nusu waliwahi hivyo. Ilionekana baadaye kwamba hao walihitaji kulazwa mara chache kuliko wenzao, na waliokufa katika mwezi uliofuata walikuwa wachache zaidi.

Dawa yao ya kwanza, basi, ilikuwa kuwahi. Nasi twaweza. Utabiri wa mvua kubwa unapotangazwa redioni, hatungoji tena daraja lizame. Twapiga simu hospitali na kuuliza kama Mama aweza kuja leo badala ya kesho. Ikibidi, twamhamishia kwa wifi yetu anayeishi ng'ambo ya mto mpaka mvua ipungue.

Jikoni, pale njia inapokatika

Hapa ndipo sisi akina mama tunaposhika uhai wa mgonjwa mikononi. Kila mgonjwa ana kipimo chake, hivyo mwulizeni daktari mapema awaandikie chakula cha siku tatu za dharura, mkibandike ukutani. Sisi tuliandikiwa hivi:

Maji, chai, uji na supu vyote huhesabiwa pamoja, na jumla hupunguzwa hadi karibu nusu ya kawaida, yaani kama vikombe viwili kwa siku. Kiu hutulizwa kwa kusukutua mdomo au kumumunya kipande cha ndimu.

Chumvi huachwa kabisa, kwa maana huleta kiu. Samaki mkavu, nyama ya kopo na vidonge vya kuungia mchuzi havimfai. Jihadharini pia na chumvi mbadala ya dukani, kwa kuwa mara nyingi imetengenezwa kwa potasiamu.

Ndizi mbivu na za kupika, viazi, mihogo, maharagwe, parachichi, machungwa, nyanya, maziwa na maji ya dafu huwekwa kando siku hizo. Ndivyo hasa tulivyompa Mama!

Anaweza kula wali mweupe, ugali wa unga uliokobolewa, mkate mweupe, kabichi iliyochemshwa na maji yake kumwagwa, tofaa, na yai moja au kipande kidogo cha kuku. Mwenye kisukari asikae na njaa, na sukari au peremende iwe karibu naye endapo sukari ya mwili itashuka.

Chakula hiki hakichukui nafasi ya mashine. Humnunulia mgonjwa muda wa kuifikia, basi. Akianza kukosa pumzi, kulegea viungo au kuhisi moyo ukienda mbio, msingoje kuche.

Mfuko ulioning'inia mlangoni

Nyuma ya mlango wetu sasa unaning'inia mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Ndani yake mna karatasi yenye jina la Mama, ugonjwa wake, siku na muda wa mashine, uzito wake baada ya kusafishwa, dawa zake zote na zile zinazomdhuru, pamoja na majibu ya vipimo vya karibuni na kadi ya bima. Mna dawa za majuma mawili, tunazozibadilisha kabla hazijaharibika. Mna namba za simu za hospitali yake na za nyingine mbili zenye mashine, moja kila upande wa mto.

Karatasi hiyo inasema pia kwamba mkono wake wa kushoto, wenye mshipa wa mashine, usipimwe shinikizo wala usitolewe damu. Kwa mgonjwa mwenye mpira shingoni au kifuani, mahali hapo pasiguswe na maji ya mafuriko. Mtoto wetu wa darasa la sita anajua mfuko ulipo, maana huenda siku hiyo yeye ndiye atakayekuwa nyumbani.

Maswali ya kuwauliza wauguzi

Wauguzi nao wana mito ya kuvuka na watoto nyumbani. Kwa hiyo ulizeni siku ya jua: Je, mna jenereta na tangi la akiba? Mkifunga, mtatutuma wapi? Nani atatupigia simu? Umeme ukikatika Mama akiwa kwenye mashine, itakuwaje? Sisi tulielezwa kwamba betri huendesha damu kwa dakika chache, kisha muuguzi aweza kuirudisha mwilini kwa kuzungusha mpini kwa mkono. Mgonjwa hatakiwi kujichomoa sindano kwa hofu. Kulijua jambo hilo kulimwondolea Mama woga mwingi.

Hatimaye, tulilipeleka jambo hili kwenye kikundi chetu cha akina mama kanisani. Ikaonekana kwamba nyumba nyingine mbili zina mgonjwa kama wetu, na hatukuwa tukijuana. Sasa tumeandika nani ana gari linaloweza tope, na nani ana chumba ng'ambo ya mto.

Masika yaliyofuata, wingu lilipotanda, Mama mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Wanangu, mmepiga simu hospitali?" Tulikuwa tumekwisha piga. Jirani naye alikuja na ndizi zake. Tulimshukuru, tukawapa watoto.